Kinu, Skrini na Macho ya Mume Wangu

Mume wangu alianza kupofuka mbele ya skrini ya kompyuta, mchana kweupe, mimi nimeketi kando yake nikikunja kadi za harusi. Tulikuwa watu watatu tulioliona jambo hilo likitokea: yeye, mimi na mwenye kinu wa chumba cha pili. Sote watatu tulikubaliana kwamba shida ni stima. Nasema hivi mapema ili msomaji asikae akingojea muujiza, maana mimi niliungojea na najua unavyochosha.

Duka letu lilikuwa mjini Meru, katika nyumba ndefu ya mawe yenye mlango baada ya mlango. Sisi tulikuwa wa mwisho, na waliopakana nasi walikuwa wanasaga mahindi. Kazi yetu ilikuwa kuchapa: kadi za harusi, kalenda za maduka, vitabu vya risiti, barua za kuomba kazi, na zaidi ya yote programu za mazishi. Watu wa kwetu hawamziki mtu bila karatasi. Picha ya marehemu inakaa mbele, nyimbo ndani, habari za maisha yake katikati, shukrani nyuma, na ole wako ukisahau mjukuu mmoja kwenye orodha. Mume wangu ndiye aliyeyapanga hayo yote kwenye kompyuta. Kabla ya kompyuta kufika mjini alikuwa akichora mabango ya maduka kwa brashi, na hata kwenye skrini alikuwa anaifikiria herufi kama kitu chenye tumbo na kiuno. Angeweza kukaa na neno moja mpaka chai ipoe, akisogeza herufi zake zikae kwa nafasi sawa. Mimi nilichapa, nikakata, nikakunja na kugombana na wateja. Kila mtu na kipaji chake.

Ukuta kati yetu na kinu ulikuwa mmoja, na stima ilikuwa moja. Kinu kilipowashwa, mota yake ilifyonza nguvu ya nyumba nzima na picha kwenye skrini yetu ikanywea. Iliondoka pembeni, kulia na kushoto, ikaingia ndani na kuacha utepe mweusi kila upande, ikatetemeka, kisha ikatulia ikiwa ndogo. Siku nyingine kompyuta ilizima kabisa na kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji. Nilikwenda kumkabili mwenye kinu zaidi ya mara moja, naye akinisikiliza akiwa mweupe wa unga mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu mpole, shemasi kanisani kwake, na upole wake ulinikera zaidi. Mwishowe yeye na mume wangu wakapatana bila mimi. Kabla ya kuwasha mota, mwenye kinu angegonga ukuta kwa ngumi. Mume wangu akisikia angehifadhi kazi yake, kisha angegonga kujibu. Ndipo mota ingenguruma. Ikawa desturi ya mahali pale, hata wateja wetu waliizoea. Mtu akiwa katikati ya kusoma tarehe ya harusi yake ngumi inalia, mume wangu anainua kidole kumwambia angoje, anahifadhi, anagonga, na mambo yanaendelea.

Kwa hiyo alipoanza kulalamika kwamba picha inaingia ndani, nani angeshangaa?

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni. Alisema kwamba pembe za skrini zimekuwa nyeusi hata baada ya kinu kuzimwa, na kwamba picha haina nguvu tena, imefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Skrini yetu ya kwanza ilikuwa kuukuu, imenunuliwa ikiwa tayari imetumika ofisi fulani, na chini yake ilikuwa na vifundo viwili vya kuzungusha kama vya redio, kimoja cha mwangaza na kingine cha kukoleza weusi na weupe. Alivizungusha siku nzima. Mkono wake ulivijua bila yeye kutazama, kama mimi ninavyojua chumvi iko wapi jikoni kwangu. Mwisho vilifika mwisho na vikakataa kwenda mbele.

"Hii stima imeharibu hii kitu," aliniambia. "Imekula nguvu yake pole pole."

"Stima ama wewe?" nikamjibu. "Unaifinya hiyo skrini kama ng'ombe."

Nilikuwa na mzaha mwingi wakati huo.

Tukanunua kisanduku cha kutuliza stima. Kilikaa chini ya meza kikitoa sauti ya tak, tak kila mota ilipowaka, na mume wangu akasema kimesaidia kidogo. Baada ya majuma machache akasema hakisaidii. Mwenye kinu alikuja mwenyewe kutazama, akasimama mlangoni asitutie unga, akatikisa kichwa kwa huruma. Alisema hata taa ya nyumbani kwake siku hizi haiwaki vizuri. Akaomba msamaha kwa niaba ya kinu chake. Nikamwona mume wangu akimpa mkono, na mwenye kinu mkono wake ulikuwa pale tayari, upande, lakini mume wangu aliutafuta kidogo hewani kabla ya kuupata. Nilidhani ni dharau, na ilinifurahisha.

Ndipo tukaagiza skrini mpya kutoka Nairobi. Ilikuja kwenye sanduku kubwa. Tukalifungua kama watu wanaofungua zawadi ya harusi, na mume wangu akakifuta kioo kwa shati lake. Hii haikuwa na vifundo vya kuzungusha. Ilikuwa na vitufe vidogo chini, vimepangwa kama meno, vyote vya kufanana. Ukibonyeza kimoja, menyu inatokea juu ya kazi yako, pale pembeni chini, kisanduku kidogo chenye michoro: jua kwa mwangaza, mviringo uliogawanywa nusu nyeusi nusu nyeupe, mishale ya kupanua picha na ya kuirefusha, mpaka saa ndogo. Unachagua mchoro, unaongeza au unapunguza, na ukikaa bila kubonyeza menyu inajiondoa yenyewe.

Kwa siku kadhaa alikuwa na furaha. Niliona uso wake umelegea, na jioni tukatembea mpaka Kaaga, tulikopanga nyumba, akiimba. Alinishika bega njiani. Alikuwa ameanza mtindo huo wa kunishika bega tukitembea, na mimi, mwanamke mwenye watoto watatu, nilijiona bibi arusi. Nilidhani ni mapenzi. Labda yalikuwepo pia.

Kisha malalamiko yakarudi, na safari hii adui alikuwa menyu.

"Inazima haraka," alisema. "Kabla sijaisoma imeenda."

"Si iko hapo? Hiyo hapo pembeni."

"Ilikuwa hapo. Saa hii imeenda."

Nikimtazama akifanya, kweli ilikuwa kama alivyosema. Anabonyeza, menyu inatokea pembeni, naye macho yake yanatembea juu, yanashuka, yanakwenda kushoto, yanarudi, na anapoifikia tu, inazimika. Anabonyeza tena. Inatokea, anaitafuta, inazimika. Alitukana kwa Kimeru maneno ambayo mwenye kinu, shemasi wa watu, aliyasikia kupitia ukutani.

Tulimwita fundi wa kompyuta, kijana mmoja wa mjini mwenye begi la mgongoni lililojaa nyaya. Aliitazama skrini mbele, nyuma, akabonyeza vitufe vyake kwa kasi ya mtu anayekuna upele.

"Hii skrini iko poa, mzee," alisema. "Haina kitu inakosa. Lakini umeweka mwangaza mpaka mwisho. Utaiua."

"Na bado haionekani," mume wangu akamwambia.

"Haionekani aje? Mimi inanichoma macho."

Nilimwambia aache maswali afanye kazi iliyomleta. Yule fundi akaenda kwenye ule mchoro wa saa ndogo, ambao kumbe ulikuwa wa kuchagua menyu ikae muda gani kabla ya kujiondoa, akauweka kwenye muda mrefu kuliko yote. Akaihamisha menyu kutoka pembeni akaiweka katikati kabisa ya skrini. Mume wangu akabonyeza, akaiona hapo hapo, akapiga kofi mezani.

"Sasa hiyo ni skrini!" alisema.

Mimi iliniudhi tangu siku ya kwanza. Nikitaka kurekebisha jina la mtu, menyu imekaa katikati juu ya jina, na haiondoki mpaka ichoke. Lakini yeye aliipenda. Aliibonyeza kila mara, akaacha jua lake dogo liwake pale katikati, na alipofanya kazi aliifanya kwa kuizunguka.

Baadaye picha za marehemu zikaanza kutoka nyeupe.

Lazima nieleze hili vizuri maana ndilo lililotutia aibu. Mteja alileta picha ya mpendwa wake, tukaiingiza kwenye kompyuta, na mume wangu akaisafisha: anatoa mikunjo, anaongeza mwanga usoni, anakoleza macho na nywele ili karatasi ikitoka watu wamtambue mtu wao hata kwenye nakala ya mia. Alikuwa na sifa kwa kazi hiyo mpaka Kianjai. Sasa, kwa kuwa kila uso aliuona ni giza, aliongeza mwanga. Ukawa bado giza, akaongeza tena. Mimi nilipitisha karatasi zikiwa moto kutoka kwenye mashine bila kuzitazama, nina haraka ya kukunja.

Familia moja ya Kianjai ilirudi na bunda zima. Mwana wa marehemu aliweka karatasi moja mbele yangu.

"Mama, huyu ni nani?"

Nikatazama. Palikuwa na kilemba, palikuwa na kola ya nguo, na kati yake uso kama sahani ya udongo mweupe, matundu mawili ya macho, basi.

"Si mama yenu?"

"Mama yetu alikuwa mweusi kama sisi. Huyu ni mzungu. Tukimweka kwa jeneza hivi, watu watasema tumezika mtu mwingine."

Mume wangu aliichukua ile karatasi, akaisogeza karibu na pua, akaitembeza mbele ya jicho kidogo kidogo kama mtu anayesoma gazeti kupitia tundu la ufunguo. Kisha akasema kwa utaratibu kwamba kwake uso unaonekana sawa, ila labda wino. Wale watu walimtazama wakanitazama. Nilisema ni wino. Tukawachapia upya, nikifanya mimi, vibaya, lakini mama yao akarudi kuwa mweusi.

Nikaenda kumfokea mwenye kinu tena. Nilihitaji mtu wa kufokea na yeye alikuwa karibu. Nilimwambia mota yake imeharibu skrini mbili na sasa inaharibu na jina letu. Akanisikiliza, akasema atamwomba mwenye nyumba amvutie waya wake mwenyewe. Na alifanya hivyo, Mungu ambariki. Kuanzia hapo mota haikuigusa picha yetu hata kidogo. Mimi nilikuwa nikiiona imesimama imara, pana, kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini mwenye kinu hakuacha kugonga ukuta, alikuwa amezoea, na mume wangu hakuacha kuhifadhi kazi na kugonga kujibu, na kila alipomaliza kugonga alisema, "Unaona? Imeingia ndani."

Nilikuwa naona kwamba haijaingia. Nikanyamaza. Mtu wako akikuambia kitu kwa uhakika namna hiyo, unaanza kushuku macho yako mwenyewe.

Jumapili moja tulitoka kanisani tukapitia dukani, kwa sababu kulikuwa na mazishi Jumatatu na programu haikuwa imekwisha. Soko lilikuwa limelala, milango yote imefungwa, kinu kimya. Nilikwenda nyuma kutafuta karatasi. Niliporudi nilimkuta ameinamia skrini, menyu iko katikati, kidole chake kiko kwenye kitufe cha ile mishale ya kupanua picha. Alikuwa anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza. Picha ilikuwa imepanuka mpaka ikapita kioo. Mwanzo wa kila mstari ulikuwa umekatwa, na mwisho wake pia. Jina la marehemu lilikuwa limebaki katikati tu, bila kichwa na bila mkia, pande zake zote mbili zimezama nje ya skrini mahali ambapo hakuna jicho la mtu linaloweza kufika. Na yeye bado anapanua.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Naitoa nje kidogo. Wamewasha kinu, imeingia ndani sana leo."

Nikasimama na karatasi zangu mkononi.

"Leo ni Jumapili," nikamwambia.

Kidole chake kikasimama. Akageuza kichwa kusikiliza upande wa ukuta, na hapakuwa na sauti yoyote, hata ya mbwa. Kisha akaunyoosha mkono wake mbele ya uso, akaupeleka kulia pole pole, akaurudisha, akaupeleka kushoto. Nilimwona akifanya hivyo, na nikajua kwamba hakuwa anafanya mara ya kwanza.

"Mwekuru," aliniita, neno letu la mke, kwa sauti ndogo. "Labda si stima."

Niliogopa siku hiyo kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, na woga wangu, kama kawaida yake, ukatoka kama hasira. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Alisema alikuwa akisema kila siku. Na ni kweli, alikuwa akisema. Wenzangu wa kanisani waliniambia baadaye kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kana kwamba tulificha. Hatukuficha. Tulimwambia mwenye kinu, tukamwambia mwenye nyumba, tukamwambia fundi, tukawaambia wateja. Mtu pekee ambaye hatukumwambia ni daktari, maana nani anampelekea daktari shida ya stima?

Tulipata mtaalamu wa macho Embu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache, na alinikaribisha nikae ndani wakati anampima. Alipima jicho hili na lile kwa taa yake, kisha akaketi mbele ya mume wangu, magoti kwa magoti, akamwambia amtazame puani na asigeuze macho.

"Mzee, nitaleta kidole kutoka kando. Ukikiona, sema ndiyo."

Akanyoosha mkono mpaka mwisho, akaanza kukitikisa kile kidole na kukileta ndani. Mimi nilikiona tangu mwanzo. Kikapita usawa wa bega, mume wangu kimya. Kikapita usawa wa sikio, kimya. Kikafika kwenye shavu. Nilitaka kusema ndiyo kwa niaba yake, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kidole kilikuwa karibu kumgusa pua aliposema, "Ndiyo," kwa furaha ya mtu aliyejibu swali vizuri.

Daktari akaandika. Akauliza kama kuna mtu wa familia aliyepofuka.

"Mama yangu," akasema. "Lakini yeye ni moshi ya jikoni."

Daktari akaweka kalamu chini. Alituambia ni presha ya macho. Alisema huanza pembeni na kuingia ndani bila maumivu, mwenyewe asijue, na huja kwa ukoo. Nikamwuliza kama kuna miwani, nikamwuliza upasuaji, nikamwuliza Nairobi. Akasema matone yatajaribu kulinda kilichobaki.

"Na kilichoenda?" mume wangu akauliza.

"Kilichoenda, mzee, kimeenda."

Akaniambia niwalete watoto wapimwe, na wapimwe kila mwaka. Nimefanya hivyo mpaka leo wananichukia.

Tulikwenda Kibirichia kumwambia mama yake. Mama mkwe alikuwa amekaa gizani kwa miaka mingi kando ya jiko lake, akimenya viazi kwa kisu bila kujikata, na sisi wote, watoto na wakwe, tulikuwa tumesema ni uzee na moshi wa kuni. Hata yeye alisema hivyo. Kule juu kuna baridi, jiko haliachwi lizimike, na kila mama mzee ana macho mekundu, basi mmoja akipofuka nani atauliza? Mume wangu akamweleza kwa Kimeru aliyoyasema daktari. Bibi akaacha kumenya. Akanyoosha mkono akapapasa uso wa mwanawe, akapita kwenye nyusi, akakaa kidogo juu ya macho.

"Wewe hujawahi kupika hata siku moja," akamwambia. "Moshi uliutoa wapi?"

Akarudi kwenye viazi vyake.

Tulirudi dukani kwa sababu hatukuwa na mahali pengine pa kurudi. Matone yalichoma, akayavumilia, nami nikayatia kwa saa zake bila kukosa, nikasali wakati nikiyatia, nikagombana na Mungu wakati nikisali. Hayakusaidia, au yalisaidia kwa kiasi ambacho hatukuweza kukiona. Mimi nikahamia kwenye kipanya. Yeye akaketi kwenye kiti changu cha kukunjia, akanielekeza kwa kumbukumbu: jina lishushwe kidogo, herufi ya kwanza iongezwe tumbo, picha isibanwe na ukingo. Nilikuwa mwanafunzi mbaya na mwenye mdomo. Alinivumilia. Programu zetu zikawa za kawaida kama za mtu mwingine yeyote, na wateja wa Kianjai wakapata duka jingine.

Nilirudisha mwangaza chini, kwa sababu kweli ulikuwa unachoma macho, na nilitaka pia kuitoa ile menyu katikati. Akaniomba niiache.

"Iache hapo," alisema. "Hiyo naiona."

Ndicho kitu pekee kwenye skrini kilichoingia chote ndani ya tundu lake la kuonea. Kila asubuhi, kabla sijaanza kazi, aliketi mbele ya kioo, akapapasa vitufe mpaka akapata kile cha kwanza, akabonyeza. Menyu ikatokea. Akalitazama lile jua dogo. Ilikaa ule muda wake mrefu aliouweka fundi, kisha ikajiondoa, naye papo hapo akabonyeza tena, ikarudi. Akaridhika, akanipisha. Hakunieleza anafanya nini na mimi sikumwuliza. Nilisimama nyuma yake nikingoja kidole chake kama nilivyokingoja kile cha daktari. Menyu ikizimika, anabonyeza. Siku nyingine alichelewa kidogo, kisha akabonyeza. Nilichukia desturi hiyo na nisingeweza kuikosa.

Asubuhi moja ya mvua nyepesi tulifungua duka kama kawaida. Nilimwashia kompyuta, akaketi, akabonyeza, menyu ikatokea katikati na jua lake. Alikuwa ametulia, mikono magotini, kichwa kimeinama upande kidogo. Nyuma ya ukuta nilimsikia mwenye kinu akisogeza magunia. Kisha akagonga. Mume wangu akanyoosha ngumi yake akagonga kujibu, na mota ikanguruma.

Menyu ikazimika. Skrini ikabaki tupu, bluu kutoka ukingo hadi ukingo.

Nikangoja abonyeze.

Kinu kilisaga. Mwanamke mmoja alipita mlangoni na debe kichwani, akatusalimu, "Muga," nami nikaitikia. Mume wangu alikuwa bado anatazama pale katikati, uso wake umelegea kama jioni ile tuliyotoka kuifungua skrini mpya.

"Leo imekaa vizuri," alisema. "Haizimi."

Nikamwekea mkono begani.

"Ndiyo," nikamwambia. "Leo imekaa."